Namna ya kuuandika wasiwasi wa hela mpaka upate usingizi

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nina cherehani moja ya miguu, ovaloki moja ya umeme ya kumalizia kingo za nguo, meza ya kukatia na kibanda ninacholipia kodi ya miezi sita sita. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye hela yake inakuja kama yangu: leo elfu arobaini, kesho hakuna kitu, keshokutwa mteja anachukua gauni lake na kukwambia, "Fundi, nitakutumia jioni." Anayelipwa mshahara tarehe ile ile kila mwezi atapata ya kumfaa humu, ila shida yake siijui vizuri kama ninavyoijua yetu.

Mwaka 2019, mwezi wa tano, nilikuwa siwezi kulala usiku mzima. Saa nne nalala vizuri tu, halafu saa nane usiku macho yanafunguka kama mtu kaniita. Mvua inapiga bati, mume wangu amelala, mimi nahesabu. Kodi ya kibanda. Marejesho ya Jumanne. Hela ya kitambaa cha harusi niliyokuwa nimeishaila. Nikifika mwisho naanza upya, na kila nikianza upya jumla inakua, kwa sababu kichwani hesabu haitulii. Deni moja unalihesabu mara mbili, unachanganya la wiki hii na la mwezi ujao, na katikati unaingiza na hofu ya mama kuugua, ambayo haina hata bei.

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika. Nikachukua daftari la mwanangu la darasa la tatu, lile la hisabati lenye kurasa tupu nyuma, nikawasha tochi ya simu na kuandika. Kodi ya kibanda, 300,000, tarehe 1 Julai, mwenye nyumba. Marejesho, 40,000 kila Jumanne, yamebaki manne, kwa hiyo 160,000. Kitambaa cha sare za harusi, 220,000, kinunuliwe kabla ya tarehe 10 Juni. Mkopo wa simu, 60,000. Duka la uzi na zipu, 46,000. Jirani, 20,000. Nikajumlisha mara mbili: 806,000.

Kichwani nilikuwa nimeishafika milioni mbili. Hizo 806,000 sikuwa nazo, tena sikuwa na hata robo yake. Lakini nilirudi kitandani nikalala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Tangu hapo ndivyo ninavyofanya, na ndivyo ninavyomwambia kila anayekuja kukaa kwenye benchi langu akiwa na uso ule ninaoujua.

Anza na daftari

Usitumie simu. Simu ina meseji za wanaokudai, na ukiishika usiku huachi kuangalia salio. Chukua daftari na kalamu. Kila wasiwasi uandike na vitu vitatu: kiasi, tarehe, na mtu. Ni shilingi ngapi, zinatakiwa lini, na nani ataniuliza. Wasiwasi ulio na vyote vitatu ukae mbele. Uliokosa hata kimoja, kwa mfano "uzee", "watoto watasomaje", "mama akiugua", upeleke ukurasa wa mwisho. Huko tutakwenda, lakini usiku huu hapana.

Ukimaliza, panga kwa tarehe. Nasisitiza tarehe, kwa sababu sisi wengi tunapanga kwa ukubwa. Mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa kodi ya laki tatu iliyokuwa mbali wiki sita, huku elfu arobaini ya Jumanne ikija keshokutwa. Tarehe ndiyo inayokuonyesha kesho asubuhi unafanya nini.

Na la kufanya asubuhi, mara nyingi, ni kumtafuta mtu kabla hajakutafuta. Hapa ndipo pagumu. Nilikwenda kwa mama wa bi harusi kwa miguu yangu. Nikamwamkia, akanikaribisha ukumbini, nikakaa ukingoni mwa kochi. Nikamwambia: "Mama, hela ya kitambaa uliyonipa nimeitumia kwa shida yangu. Kitambaa chako utakipata mara mbili, nusu wiki hii, nusu tarehe 10 mwezi ujao. Kushona sitachelewa." Alinyamaza muda mrefu, anazungusha tasbihi mkononi. Hakuniambia nisijali. Alisema, "Niletee risiti zote mbili." Nikazipeleka zote mbili. Mwaka uliofuata aliniletea sare za harusi ya mdogo wake.

Kwa mafundi wenzangu niongeze hili: hela ya kitambaa si yako hata kama iko mfukoni mwako. Siku hizi ninayo bahasha ya kaki kwa kila mteja, imeandikwa jina, na hela yake inakaa humo na vipimo vyake mpaka ninapokwenda dukani.

Jua mwezi wako mbaya

Watu hupiga hesabu kwa mwezi wa kawaida. Sisi hatuna mwezi wa kawaida. Tuna mwezi mzuri na mwezi mbaya, kwa hiyo unaotakiwa kuujua kwa tarakimu ni ule mbaya.

Mwaka 2024 niliandika kila siku nilichoingiza nikishatoa uzi, umeme na vifungo. Januari, kwa sare za shule, 610,000. Ada zimefutwa tangu 2016, lakini sare mzazi ananunua mwenyewe, na Januari kibanda changu hakifungwi kabla ya saa nne usiku. Machi, Ramadhani, 720,000. Mei ikawa 132,000. Watu wametoka kwenye Idi wamemaliza hela, masika imekolea, na mwanzoni mwa mwezi ule pwani nzima ilikuwa inasikiliza tahadhari ya kimbunga Hidaya. Hakuna aliyekuwa na habari na gauni.

Nilipoiona 132,000 kwa mwandiko wangu nilielewa kwa nini mwaka 2019 madeni yalinilemea vile. Sikuwa mzembe. Nilikuwa naishi mwaka mzima kwa kipimo cha mwezi mzuri.

Ninachofanya sasa ni kujilipa. Kila tarehe moja natoa 200,000 kwa matumizi ya nyumbani kwa upande wangu, iwe Machi au Mei. Nilianza na 140,000, karibu na ule mwezi mbaya, nikapanda polepole baada ya kuona mfuko unabeba. Kinachozidi mwezi mzuri kinaingia mahali ninapopaita mfuko wa masika. Ni laini ya simu tofauti, na hiyo laini inakaa nyumbani. Hela ya mfuko wa masika haina kazi nyingine ila kunilipa Mei.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo wengi wanalisahau. Mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama 11 ukilinganisha na kalenda ya kawaida, kwa hiyo msimu wetu wa Idi unarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2013 Idi ilikuwa Agosti, na mimi nilikuwa na mavuno mawili yaliyoachana: sare Januari, Idi Agosti. Mwaka 2025 Idi ilikuwa mwisho wa Machi. Mavuno yanasogeleana, na mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake kwa fundi ni kwamba kazi zote zitagongana, halafu utafuata ukame mrefu kuliko tuliouzoea. Kama kazi yako inafuata Idi, iwe kushona, kuuza viatu vya watoto au kupika tambi na visheti, chukua kalenda uangalie miaka mitatu mbele. Mwaka 2013 akiba ya miezi miwili ingenitosha; sasa mfuko wa masika unatakiwa ubebe minne.

Vunja kodi iwe ya siku

Kodi ya miezi sita inatisha kwa sababu inakuja kwa mpigo. Yangu wakati ule ilikuwa 50,000 kwa mwezi, yaani 300,000. Nafanya kazi siku 26 kwa mwezi, ambazo kwa miezi sita ni siku 156. Gawanya: shilingi 1,923 kwa siku. Nikaifanya 2,000. Elfu mbili naijua, ni upindo wa suruali mbili.

Seremala wa jirani alinitengenezea kibubu cha mbao, kimepigiliwa misumari pande zote, hakina mlango. Kila jioni, kabla sijafagia vipande vya vitambaa, elfu mbili inaingia. Siku isiyo na kazi naandika ukutani kwa chaki kwamba nadaiwa elfu mbili, na siku ikiwa nzuri nalipa. Kinavunjwa siku ya kodi tu, na nakivunja mbele ya mume wangu. Mara ya kwanza kilitoka na 291,000, pungufu elfu tisa, na elfu tisa nilizitafuta bila kukosa usingizi.

Wapo watakaokwambia hela iliyokaa kwenye mbao haizai. Kweli, haizai. Ukishakuwa na ya ziada ipeleke inakozaa: wapo waliojiunga na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS na wanaweka kwa simu kidogo kidogo, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea sisi tuliojiajiri. Lakini hela ya kodi mimi siitaki izae. Naitaka iwepo tarehe moja.

Mkopo: uliza kabla hujaweka saini

Kuhusu mikopo nitakaa kidogo, maana ndiko nilikoumia, na naona dada zangu wanaumia huko huko kila wiki.

Mkopo wangu wa 2019 ulikuwa wa aina tunayoiita kausha damu. Nilikopa 300,000. Wakakata 15,000 ya fomu na bima ya mkopo, nikapewa 285,000. Rejesho 40,000 kila Jumanne kwa wiki kumi. Wakati nasaini nilisikia elfu arobaini tu, nikasema moyoni, elfu arobaini naiweza. Sikuzidisha mara kumi. Nilirudisha 400,000. Kwa hiyo nililipa 115,000 kwa kutumia 285,000 kwa miezi miwili na nusu, tena sikuwa nayo yote miezi hiyo, maana kila Jumanne ilikuwa inapungua.

Tulikuwa kikundi cha watu watano tunaodhaminiana. Mmoja akishindwa, wanne wanamlipia. Wiki ya saba nilishindwa. Wenzangu wakachanga, na jioni wakaja kuichukua ovaloki yangu waishikilie mpaka niwalipe. Siwalaumu, walikuwa na watoto kama mimi. Wiki tatu nilikuwa napeleka kila nguo kwa fundi wa jirani kumaliziwa ukingo kwa 500, yaani nilikuwa nalipa tena kwa sababu ya kushindwa kulipa. Bado nasikia aibu nikikumbuka waya wa ile ovaloki unaburuta vumbini wakati wanaitoa.

Leo, mtu akija na karatasi ya mkopo, namwambia aulize haya kwa sauti na aandike majibu mbele ya huyo ofisa. Mkononi nitapokea shilingi ngapi hasa? Nikimaliza nitakuwa nimerudisha jumla ngapi? Nikichelewa siku moja, naongezwa nini? Leseni ya Benki Kuu iko wapi, niione? Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni, na kanuni za Benki Kuu kwa kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, yaani akiba za wateja, zimeweka kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wangu wa 300,000 ni 10,500 kwa mwezi, na kwa miezi miwili na nusu ni 26,250. Iweke hiyo namba kando ya ile 115,000 uione tofauti.

Mikopo ya programu za simu iangalie kwa macho mawili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila kibali. Baadhi ya wateja wangu walikuwa wameishakopa kwenye programu za namna hiyo, na uchungu wao haukuwa wa riba peke yake. Ukichelewa, meseji zinakwenda kwa watu wote waliomo kwenye simu yako: mkweo, mwalimu wa mtoto, mteja wako. Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ujue hiyo ndiyo dhamana inayochukua.

Na swali la mwisho unajiuliza mwenyewe, usiku, na daftari: rejesho hili litatoka wapi kwenye mwezi wangu mbaya? Mimi sasa nakopa mara moja tu kwa mwaka, Desemba, kununua kitambaa cha sare, kwa sababu najua kufika wiki ya pili ya Januari kimerudi hela. Sikopi kulipa kodi. Sikopi kulipia shughuli. Mkopo wa kulipa mkopo mwingine niliujaribu, ile 60,000 ya simu, na ndio uliokuwa unaniamsha saa nane.

Kikoba, na ndugu

Mkopo huo wa Desemba nauchukua kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Tuko wanawake 25, tunakutana Jumamosi, tunanunua hisa, na kuna mfuko wa jamii wa 1,000 kila wiki ambao haukopeshwi, ni wa ugonjwa na msiba tu. Kimesajiliwa. Ukitafuta kikoba, kabla ya kuuliza gawio la mwaka jana, uliza sanduku linakaa kwa nani na funguo ziko kwa watu wangapi. Letu lina kufuli tatu, kwa watu watatu wasio ndugu.

Tahadhari moja. Tulipovunja kikoba, yaani kugawana tulichoweka, mwisho wa 2021 nilipata 1,400,000 kwa mpigo. Kwa miaka nilikuwa nimejiambia kwamba siku nikishika milioni nitalala kama mtoto. Usiku ule sikulala kabisa. Nilikuwa naogopa zisiishe, na zikaisha kweli, kufika Februari sikuweza kusema zimekwenda wapi. Kumbe kilichokuwa kinanilaza ni zile 2,000 za kibubu zenye kazi inayojulikana. Siku hizi naandika kazi ya gawio mwezi mmoja kabla ya kuvunja, shilingi kwa shilingi, na mume wangu anasoma.

Ndugu wana ukurasa wao. Kila Januari naandika nitakachoweza kutoa mwaka mzima kwa harusi, misiba na wanaokwama: mwaka huu ni 180,000. Kilichoniponza zamani kilikuwa ahadi. Wifi yangu alikuja na kadi ya mchango wa harusi ya mwanawe, nikaona haya, nikaandika laki moja ambayo sikuwa nayo, na miezi miwili nikawa nalikimbia jina lake kwenye simu. Alipokuja kwa mtoto wa pili nilimkaribisha, nikampa chai, nikasema, "Wifi, siandiki ahadi. Hii hapa elfu thelathini, ipokee leo leo. Na gauni la bi harusi la kuagia nalishona bure, niletee kitambaa." Alinitazama, akaikunja ile hela kwenye pindo la khanga. Akasema kamati yao ina ahadi za daftari zima na hela ya mkononi hawana.

Ukurasa wa mwisho

Baada ya miezi kadhaa, daftari la mbele likishatulia, fungua ule ukurasa wa nyuma. Chukua wasiwasi mmoja tu. Mimi nilianza na "mama akiugua", kwa sababu ndio ulionibana kifua kuliko wote. Mama yuko Soni, njia ya kwenda Lushoto, na mimi niko Tanga mjini.

Nikampigia, nikamwamkia, nikamuuliza wazi: "Mama, ukiugua ghafla usiku, kitu cha kwanza utakachohitaji ni nini?" Nilitarajia aseme hela. Alifikiri, akasema shida yake si dawa, shida ni kushuka kutoka nyumbani mpaka barabarani gizani, goti linauma, na hajui amwite nani. Nikamuuliza yupo kijana wa bodaboda pale anayemwamini. Yupo, mjukuu wa jirani. Nauli yake ya usiku mpaka hospitali ya Lushoto? Akaniambia. Nauli yangu ya basi kutoka Tanga naijua. Nikaongeza 30,000 ya kuanzia hospitalini. Jumla ikaja 62,000.

Ilinichukua wiki tano kuipata, na iko kwenye laini ya mama mwenyewe, siyo kwangu, ili asinisubiri. Namba ya yule kijana nimeiandika kwenye ukurasa ule ule kwa wino mwekundu, mume wangu anayo, na mwanangu mkubwa anaijua kwa kichwa.